Siku ya Kumpandisha Jogoo

Kosa la kwanza Corentin alilifanya mlangoni, kabla hata hajavua koti.

Bi Ghislaine alimpa shavu la kulia, kijana akalibusu. Kisha mama akageuza uso kumpa na la kushoto, kama watu wote wa Aubrenne wanavyosalimiana, lakini Corentin alikwisha kujirudisha nyuma na kusimama wima kama askari. Shavu la pili likabaki linaning'inia hewani, halina mwenyewe.

"Kwetu ni moja, Madame," alisema Corentin, masikio yakimwiva. "Samahani. Kule pwani ya Finistère tukishabusu moja tumemaliza."

"Kwenu ni mbali," alijibu Bi Ghislaine. "Ingia. Sungura anapoa."

Perrine alikuwa nyuma ya mama yake, kitambaa cha jikoni mkononi. Alitaka kucheka akashindwa. Umri wake wote hakuwahi kumleta mwanamume kwenye meza hii, na huyu wa kwanza aliyemleta alikuwa fundi wa paa.

Katika nyumba hiyo maneno hayo hayakutamkwa. Étienne Vauclair, baba yake Perrine, alikuwa fundi wa paa. Alianguka kutoka mnara wa kanisa kuu la Aubrenne akafa, Perrine akiwa mtoto wa miaka tisa. Tangu siku hiyo Bi Ghislaine alisali katika kijiji cha jirani, na akienda sokoni alizunguka njia ndefu ya kandokando ya ukuta wa mji, kwenye mvua na kwenye theluji, ili macho yake yasikutane na uwanja wa kanisa.

Na leo Corentin angepanda mnara uleule.

Ilikuwa Jumapili ile ya Septemba ambayo majumba ya kale nchi nzima hufungua milango yake na watu wakaingia bure kuyaona. Aubrenne, mji mdogo uliokaa juu ya mwamba na mto ukiuzunguka chini, ulikuwa umejaa wageni tangu jana. Paa la mnara lilikuwa limekwisha kutengenezwa. Kilichobaki ni jogoo wa shaba, yule anayekaa juu kabisa ya msalaba na kugeuka na upepo. Alikuwa amebebwa nyumba kwa nyumba mji mzima, shingoni kafungwa utepe mwekundu, watoto wakimshika mkia wapate bahati, wazee wakimpa glasi ya divai mtu aliyembeba. Saa kumi alasiri Corentin angempandisha mbele ya watu wote.

"Kaa hapo," Bi Ghislaine alimwambia mgeni. "Si hapo. Pale."

Corentin akahama. Kiti cha kwanza kilikuwa cha marehemu. Hakuna aliyemwambia, lakini alielewa, maana alikaa kwenye kile cha pili kama mtu anayekalia mayai.

Perrine alimtazama mikono. Aliipenda kabla ya kuupenda uso. Mwaka jana majira ya kuchipua, Corentin alikuja Aubrenne kama mtalii wa kawaida na kujiunga na kundi la wageni ambalo Perrine, mtembezaji watalii wa mji, alikuwa akilitembeza. Kila alipoeleza jambo, watu wote walimtazama yeye, isipokuwa huyu mrefu wa nyuma aliyekuwa akitazama juu tu. Mwisho wa matembezi, wengine waliuliza vyoo viko wapi. Yeye aliuliza, "Nani anawatengenezea paa lenu? Linalia." Miezi michache baadaye alirudi na kikosi cha mafundi kilichopewa kazi hiyo, akaenda moja kwa moja hadi ofisini kwa Perrine na kusema, "Nimekuja kulinyamazisha."

Sasa mikono hiyo ilikuwa imelala juu ya kitambaa cheupe cha meza, haijui pa kwenda.

"Wazazi wako wapo?" Bi Ghislaine aliuliza, akipakua sungura na mchuzi wake wa haradali.

"Wapo, Madame. Baba anafuga chaza. Mama anamfuga baba."

Mdomo wa Bi Ghislaine ulitikisika upande mmoja, kisha ukatulia. "Na bima? Unayo bima?"

"Mama," alisema Perrine.

"Nauliza tu. Mimi wakati wangu sikuuliza."

"Ninayo, Madame. Na nina kamba mbili, na mkanda wa usalama, na msimamizi wangu Bouzid ananipigia kelele kuliko mama mkwe."

Neno lilikwisha kutoka. Corentin alilisikia likitua mezani, akajaribu kulifunika na kikohozi. Perrine aliinamisha macho kwenye sahani. Chini ya meza goti la kijana liligusa lake, likakaa pale, likitafuta msaada.

"Mama mkwe," alisema Bi Ghislaine taratibu. "Haya. Perrine, mkate."

"Nitaleta mimi," Corentin akasema, akiwa ameshasimama, maana mwenye aibu hupenda kupata kazi. Akaenda kwenye kabati, akachukua ule mkate mkubwa wa mviringo uliofungwa kitambaa, akaufungua, akauweka katikati ya meza.

Akauweka chali, upande wa chini ukiwa juu.

Saa ya ukutani ilisikika, na kutoka mbali makelele ya wageni wakipanda ngazi za mji. Kila mtoto wa nchi hii anajua: mkate ukilala tumbo juu ni mkate wa mnyongaji. Hapo kale waokaji walikuwa wakiugeuza ule wa mnyongaji ili mtu mwingine asiuguse, na anayeulaza hivyo mezani anamwita mwenye mkate aje kuchukua chake.

"Ugeuze," alisema Bi Ghislaine.

Corentin hakuelewa kwanza. Kisha aliona. Rangi ikamtoka, akaugeuza haraka hadi makombo yakaruka.

"Bibi yangu angenichapa na mwiko," alisema. Hakuna aliyecheka. Hata yeye hakucheka.

Bi Ghislaine alichukua kisu, akachora msalaba chini ya mkate kwa ncha yake, kama alivyofundishwa na mama yake. Lakini hakukata. Kisu alikilaza kando ya sahani.

"Asubuhi ile Étienne alikuwa na haraka," alisema, macho yake kwenye mkate. "Alikata kipande akautupa mkate mezani hivyohivyo, tumbo juu. Mimi nilikuwa ghalani. Niliporudi nikauona, naye alikwisha kutoka." Akamtazama Corentin machoni kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Kijana, leo usipande."

"Madame..."

"Panda kesho. Panda keshokutwa. Leo usipande."

"Jogoo ameshazungushwa mji mzima. Meya atakuwepo, bendi itakuwepo. Watu wametoka mpaka Dijon. Mji wote unangoja."

"Mji," alisema Bi Ghislaine. "Mji haujawahi kuanguka."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, ndivyo Perrine alivyozoea kujiambia kila mama yake alipoanza mambo yake ya chumvi iliyomwagika na vioo vilivyovunjika. Lakini leo unyasi ulikuwa umetikisika mbele ya macho yake mwenyewe.

"Nitasema mara moja," Bi Ghislaine aliendelea. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo lilitisha zaidi. "Mimi nimemzika mwanamume mmoja wa paa. Sina nguvu za kumzika wa pili, wala za kumtazama binti yangu akizika wa kwake. Ukipanda leo, kwenye meza hii usirudi. Na Perrine akikufuata, akufuate moja kwa moja, asirudi."

"Mama, tafadhali."

"Sijamaliza kulea ili nianze kuomboleza."

Corentin alimgeukia Perrine, na katika yale macho ya kijivu Perrine alisoma jambo lililomtia hofu kuliko mkate. Alisoma kwamba Corentin alingoja neno lake tu. Akisema *usipande*, huyu mtu mrefu atakaa, atakula sungura, atampigia simu Bouzid na kusema anaumwa. Hatapanda leo, na labda hatapanda tena. Atakuwa wake, mzima, salama, na kila atakapopita chini ya paa refu atatazama chini.

Neno lilimjia hadi kwenye ulimi. Akalimeza, na lilikwaruza likishuka.

"Wageni wangu wananingoja," alisema, akasimama. "Tutachelewa."

Mama yake hakuwafuata mlangoni.

*

Walishuka uchochoro wa Waoka Mikate bila kusema kitu. Mawe ya njia yalikuwa makavu, anga ya buluu, na ilikuwa siku nzuri hata mtu angeweza kuichukia. Tatizo lilikuwa upepo. Asubuhi haukuwepo. Sasa ulikuja kwa vipande, ukikipiga kibao cha chuma cha duka la jibini, ukatulia, ukakipiga tena.

"Ungesema nisipande, nisingepanda," alisema Corentin.

"Najua."

"Sasa mbona hukusema?"

"Kwa sababu ungenisikiliza."

Corentin alisimama. Watalii wawili wenye ramani wakawapita, wakiomba radhi. Corentin alimshika Perrine bega na kumsogeza ukutani wasimkanyage, na mkono wake ukasahau kuondoka.

"Unaogopa?" Perrine aliuliza.

"Usiniulize hivyo saa hizi."

"Nakuuliza."

Alitazama viatu vyake. "Miaka kumi nimepanda na sikuwahi kuogopa. Nilidhani ni ushujaa. Kumbe sikuwa na mtu wa kumrudia, basi." Alijaribu kutabasamu. "Umeniharibia kazi, Perrine Vauclair."

"Usife," alisema Perrine. Hakupanga kulisema. Lilitoka kama mtoto anavyotoka mbio mlango ukiachwa wazi.

Corentin aliinama, akambusu shavu la kulia. Akasita. Akambusu na la kushoto.

"Hilo la pili ni la mama yako," alisema. "Nilibaki na deni lake."

Kisha akageuka na kuteremka kuelekea uwanjani. Hakugeuka tena, na Perrine alibaki ukutani mkono shavuni, akisikia kile kibao cha chuma kikigonga.

*

Wageni wake walikuwa wamekusanyika mbele ya mlango mkubwa wa kanisa. Walikuwa watu wapole wa umri wa kustaafu, na msemaji wao alikuwa Madame Delattre, mwalimu wa zamani kutoka Lille, kofia pana ya majani kichwani na mume asiyesikia vizuri ubavuni.

Perrine alijipanga kama alivyojipanga siku zote: mgongo kwenye mnara, uso kwa wageni. Miaka yote ya kazi hiyo, hakuna aliyewahi kugundua kwamba mtembezaji wao hajawahi kuinua macho kupita upinde wa mlango. Angeweza kueleza kila kigae cha juu kule, lakini hakuwahi kukitazama.

"Mnara huu ulipigwa na radi mara mbili," alianza. "Mara ya pili, kengele ziliyeyuka, na watu wa mji wakatoa sufuria zao ili zitengenezwe nyingine..."

"Anasemaje?" mume wa Madame Delattre aliuliza.

"Sufuria," mkewe alimwambia sikioni. "Walitoa sufuria."

"Nani ana sufuria?"

Watu walicheka. Bendi ilipiga wimbo mfupi, na Perrine akasikia nyuma yake mlio wa kapi na kamba. Alijua maana yake. Aliendelea kusema juu ya watakatifu wa mawe na vichwa vyao vilivyokatwa wakati wa mapinduzi, lakini wageni hawakuwa naye tena. Nyuso zao zilikuwa zimeanza kuinuka.

Hivyo ndivyo Perrine alivyomwona Corentin akipanda: kwa nyuso za watu. Videvu vilipanda kidogo kidogo. Sasa yuko kwenye dirisha la kengele. Sasa amepita mahali jukwaa la vyuma linapoishia. Sasa yuko kwenye ngazi peke yake, na jogoo mgongoni. Mwanamke mmoja alijishika kifua. Mwingine aliacha mdomo wazi. Maneno yalikuwa yakimtoka Perrine yenyewe, kama maji ya bomba lililosahauliwa.

"Binti," Madame Delattre alimkatiza, macho yake yakiwa juu, "hivi hakuna aliyewahi kuanguka hapo?"

Swali hilo aliulizwa kila wiki, na jibu lake lilikuwa tayari siku zote, jepesi, la kumpisha mgeni aendelee na safari: *Mara moja, zamani.* Alifungua mdomo.

"Mara moja," alisema. "Baba yangu."

Madame Delattre alishusha macho, akamtazama. Hakusema pole. Alimshika tu kiwiko cha mkono, kwa nguvu, kama mtu amshikavyo mwenzake kwenye barafu.

Wakati huohuo upepo ulikuja. Haukuja tena kwa vipande. Ulipita uwanja mzima, ukazichukua karatasi za bendi, ukaichukua ile kofia ya majani na kuizungusha juu ya vichwa vya watu. Hakuna aliyeifuata. Videvu vyote vilikuwa vimesimama mahali pamoja.

"Mbona amesimama?" mtu aliuliza.

Ndipo Perrine alipogeuka na kuinua macho.

Mnara ulikuwa mrefu kuliko alivyoukumbuka. Pale juu, chini kidogo ya msalaba, palikuwa na kitu kidogo cheusi kilichojibana kwenye ngazi. Utepe mwekundu ulikuwa ukipigapiga kando yake kama ulimi. Hakisogei juu, hakisogei chini. Perrine alijua kwa nini hakuwahi kutazama.

Makofi yakaanza. Alianza Monsieur Régis Pruvost, muuza nyama, mtu mkubwa mwenye viganja kama makasia, akipiga taratibu kwa mapigo, kama wafanyavyo uwanjani timu ikizidiwa. Wengine wakamfuata. "Pan-da. Pan-da." Walikuwa wakicheka. Walikuwa na nia njema. Watoto walikuwa wakirukaruka.

Perrine alijikuta akipenya katikati ya watu hadi chini ya mnara, alipokuwa Bouzid, msimamizi, redio ya mkononi imegandamana na sikio. Alikuwa mtu wa makelele, Bouzid. Sasa alikuwa akinong'ona.

"Upepo unasemaje huko, mwanangu?"

Redio ilikoroma. "Unakuja na kurudi." Ikakoroma tena. "Bouzid, mkono wangu unatetemeka."

"Mkono gani?"

"Wa kulia. Haujawahi."

"Ni juu yako. Mimi siwezi kukuona vizuri, wewe ndiye uliye huko. Ni juu yako."

"Nasikia makofi," ilisema redio. "Wako wengi?"

Perrine alinyoosha mkono. Bouzid alimtazama, akajua ni nani, akampa redio.

Alibonyeza kitufe. Mambo yote aliyoyameza mezani yalipanda kwa pamoja: shuka, nakuomba, mama alikuwa na haki, mkate, mkate. Angeyasema, na huyu angeshuka kwa ajili yake, na maisha yake yote angekumbuka nani alimshusha. Alifumba macho.

"Ni mimi," alisema.

"Perrine."

"Nataka ujue kitu kimoja tu. Hawa wote hapa chini wamekuja kumwona jogoo. Aliyekuja kukuona wewe ni mimi peke yangu. Na mimi nimeshakuona."

Upepo uliipuliza redio ikatoa sauti kama ya bahari ya kwao Corentin. Perrine alisikia pumzi, au alidhani ni pumzi.

"Nimekusikia," alisema Corentin.

Makofi yaliendelea. Kile kitu cheusi hakikusogea. Kisha mguu mmoja ukashuka, ukapapasa, ukapata kipago cha ngazi. Ukafuata wa pili.

Anashuka.

Ilichukua muda mrefu, na hofu haikumwachia Perrine hata kidogo, maana kushuka nako kuna kuanguka. Mara mbili upepo ulimbana Corentin kwenye mawe, na mara mbili Perrine alisikia mtu akinung'unika sala karibu yake kabla hajatambua kuwa ni yeye mwenyewe. Makofi yalipungua, yakawa ya mtu mmoja mmoja, yakakatika. Ulipokuja ukimya, haukuwa wa heshima. Ulikuwa wa watu walioahidiwa kitu wakakikosa.

Corentin alitokea chini ya jukwaa, jasho limemlowesha, jogoo bado mgongoni. Utepe ulikuwa umechanika. Alifungua mkanda wa usalama kwa shida.

"Basi," alisema Monsieur Pruvost kwa sauti ya kusikika na wote, "jogoo amerudi bandani."

Kicheko kilizuka, kikaenea hadi kwenye ngazi za kanisa. Corentin aliinamisha kichwa. Perrine aliona masikio yake yakiiva kama mlangoni mchana, na moyo ulimuuma kwa namna ambayo hofu haikuwahi kumuuma.

"Régis."

Sauti haikuwa kubwa, lakini watu walio karibu waligeuka, kisha wa nyuma yao, na njia ikafunguka yenyewe. Bi Ghislaine alikuwa amesimama kwenye mawe ya uwanja wa kanisa, aproni ya jikoni bado kiunoni, nywele zimevurugwa na upepo. Uso wake ulikuwa mweupe kama chokaa. Wazee walioijua habari yake walivua kofia.

"Siku ya Étienne ulikuwa umesimama hapohapo, Régis," alisema. "Karibu na hiyo nguzo."

"Ghislaine, mimi sikuwa na maana..."

"Hukuwa na maana siku ile pia. Alifika pale alipofika huyu, akasimama. Akatazama chini. Mimi ni mkewe, nilimjua mgongo wake, alitaka kushuka. Na nyinyi mkapiga makofi." Alivuta pumzi. "Étienne alikuwa mtu wa haya. Angeshukaje?"

Monsieur Pruvost alitazama viganja vyake, kisha akavificha mifukoni. Hata mume wa Madame Delattre hakuuliza kimesemwa nini.

"Mama," Perrine alisema, "miaka yote uliniambia ni mkate."

"Mkate ni rahisi kuulaumu, mwanangu. Kwake siendi kununua nyama, kama kwa Régis."

Akamgeukia Corentin. Walitazamana, mama mfupi na kijana mrefu, na Perrine alikuwa katikati yao, redio bado mkononi, asijue amkimbilie nani. Mama alikuwa amesema kwenye meza ile asirudi. Mama hakuwa mtu wa kurudisha maneno.

"Nimeshuka, Madame," alisema Corentin. "Lakini sitakudanganya. Kesho upepo ukilala, nitapanda tena. Na baada ya hapa kuna kanisa jingine, na baada ya hilo jingine. Hii ndiyo kazi yangu. Kama ni hivyo siwezi kurudi mezani kwako, basi..." Alimtazama Perrine, na hakuweza kumaliza.

Perrine naye alisubiri. Alijua atakwenda na huyu. Alijua pia kwamba akienda bila neno la mama, nusu yake itabaki kwenye ile nyumba, imekaa kwenye kiti ambacho hakikaliwi na mtu.

Bi Ghislaine alimtazama Corentin juu hadi chini, kama anayepima nguo.

"Mimi niliolewa na mtu ambaye hakujua kushuka," alisema mwishowe. "Nilimpenda, na sitasema vingine. Lakini hakujua." Akakaza kamba ya aproni. "Kesho utapanda saa ngapi?"

"Mapema. Kabla maduka hayajafunguliwa."

"Afadhali. Watu wawe wachache."

"Ndiyo, Madame."

"Ukishuka, njoo ule. Leo hukutia kitu mdomoni, nimeiona sahani yako."

Akageuka kwenda zake. Alipofika kwenye kona ya uwanja akaushika ukuta, na Madame Delattre, asiye na kofia, alimfuata na kumpa mkono bila kuuliza jina lake. Wakaenda pamoja polepole.

Watu walianza kutawanyika. Bendi ilikusanya karatasi zake. Bouzid alimchukua jogoo, akamfuta vumbi kwa mkono wa shati, akaondoka naye akimlaani kwa upendo. Corentin alikuwa amesimama palepale, mkono wa kulia ameuficha nyuma ya mgongo kama mtoto aliyevunja kitu.

"Nipe," alisema Perrine.

"Bado haujatulia."

"Nimesema nipe."

Akautoa. Perrine aliushika kwa mikono yake miwili, mbele ya mji mzima. Ulikuwa wa baridi, na ulikuwa ukitetemeka. Yake pia ilikuwa ikitetemeka, na hakuuambia wa Corentin utulie.